Kupima Kabla ya Kubadilisha: Mafunzo ya Boljointi kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Mwalimu anayejiandaa kwa kazi hufundishwa mambo mengi juu ya namna ya kutoa somo, lakini aghalabu hufundishwa machache juu ya namna ya kutafuta mahali somo lilipoharibika. Akisahihisha madaftari na kukuta makosa, hutia alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, hutoa maswali kumi mengine ya namna ile ile, kisha hungoja. Makosa yakirudi, huandika katika ripoti kwamba mtoto ni mzito. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kazi ya kutafuta chanzo cha kosa ina njia zake, na kwamba njia hizo zaweza kujifunzwa hata nje ya darasa. Sisi tulizielewa vizuri zaidi tulipolala chini ya gari bovu kuliko tulipokaa mezani na vitabu vya saikolojia.

Sisi ni walimu wawili tunaofundisha katika shule moja ya msingi katika Milima ya Usambara. Tunamiliki kwa ubia gari dogo aina ya Toyota Corolla lililoundwa mwaka 1998. Barabara ya kijijini kwetu ni ya udongo. Kiangazi huwa na mawimbi mithili ya bati, na masika huwa na mashimo. Gari hilo hutuchukua kwenda mjini kufuata vifaa vya shule, na zaidi ya mara moja limeteremsha mgonjwa usiku kumpeleka hospitali. Lilipoanza kulia upande wa mbele, ko-ko-ko kila lilipovuka bonde, hatukuweza kulichukulia jambo hilo kuwa dogo. Katika milima yetu upande mmoja wa barabara ni ukuta wa udongo na upande wa pili ni bonde, na asubuhi watoto hutembea ukingoni kwa makundi wakienda shule.

Sauti na chanzo chake

Aliyetuuzia gari alitueleza kwa uaminifu kwamba sauti ile aliijua. Alikwisha peleka gari gereji, akaambiwa ni shokapu, akabadilisha zote mbili za mbele. Sauti haikuondoka. Alikuwa amenunua vipuri vipya na kuvitupa vilivyokuwa bado vizima, na ubovu wenyewe ukabaki mahali pake ukiendelea kula chuma.

Jirani yetu ni mzee aliyefanya kazi ya ufundi wa magari kwa miaka mingi kabla ya kurudi kulima. Tulipomweleza habari hiyo na kumwomba atutajie kipuri cha kununua, hakututajia. Alisema, “Walimu, msinunue kwa kusikia. Nunueni kwa kushika.” Tulimwuliza, “Mzee, tushike wapi?” Akajibu, “Kila mahali panapoungana. Kimoja kimoja.”

Tunaomba msomaji ayaweke maneno hayo akilini. Sauti husafiri ndani ya chuma. Kiungo kilicholegea upande wa kushoto chaweza kusikika kama kwamba kiko katikati, na mlio wa chini waweza kusikika juu. Masikio yanatuambia kwamba kuna ubovu. Hayatuambii uko wapi.

Viungo vya mbele vya gari

Kabla ya kushika, hapana budi mtu ajue anashika nini. Magari mengi madogo ya leo hutumia muundo wa mbele unaoitwa kwa jina la mhandisi Mmarekani, Earle S. MacPherson. Kampuni ya Ford ya Uingereza iliutumia katika magari yake ya Consul na Zephyr yaliyotolewa mwaka 1950. Katika muundo huu shokapu na springi husimama pamoja kama nguzo moja, na nguzo hiyo hubeba uzito wa gari. Chini yake pana mkono wa chuma uliolala, ambao mafundi huuita wishiboni. Kazi ya mkono huo ni kuzuia gurudumu lisiende mbele, nyuma, ndani wala nje, huku ukiliacha lipande na kushuka.

Mkono huo umeungwa kwenye mwili wa gari kwa bushi, yaani mipira iliyoshikamana na vikombe vya chuma. Bushi huruhusu mkono upande na kushuka kidogo, na hupunguza mtikiso. Ncha ya nje ya mkono imeungwa na chuma kibebacho gurudumu kwa kiungo kinachoitwa boljointi. Hiki ni tufe dogo la chuma lililokaa ndani ya kikombe, limepakwa grisi na kufunikwa kwa kiatu cha mpira.

Mwalimu wa sayansi ataitambua boljointi mara moja. Ni nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja ni mviringo, nacho hukaa ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga. Kwa sababu hiyo mguu waweza kwenda mbele, nyuma na kando. Gurudumu la mbele nalo lahitaji kupanda na kushuka, na papo hapo kugeuka kulia na kushoto. Bawaba ya mlango haiwezi kazi hiyo, wala goti haliwezi. Tufe na kikombe vyaweza. Tulipowaeleza hivyo watoto wa jirani waliokuja kutazama, mmoja aliinua mguu wake na kuuzungusha, kisha akainama kutazama chini ya gari. Hatukuhitaji kuongeza neno.

Sasa, kiungo hiki huharibikaje? Mara nyingi hakianzi kuharibika katika chuma. Huanza katika kile kiatu cha mpira. Mpira hupasuka kwa uzee au kwa jiwe, ufa mdogo usioonekana na mtu asiyeinama. Vumbi huingia, maji huingia, grisi hutoka au hugeuka tope lenye mchanga. Kutoka hapo kila gurudumu linapopanda, kushuka au kugeuka, chuma husagwa kwa mchanga, hata tufe likawa dogo kuliko kikombe chake. Likichomoka, gurudumu hulala, na dereva hubaki ameshika usukani usioongoza kitu.

Kupima

Tulitumia siku moja nzima ya likizo kupima, bila kufungua kipuri hata kimoja.

Kwanza tulisimama mbele ya gari, tukakandamiza kila pembe kwa uzito wetu na kuachia. Gari lilipanda mara moja likatulia. Shokapu ikichoka, gari huendelea kuyumba juu na chini. Zetu zilikuwa nzima. Neno moja likafutwa katika orodha.

Pili tuliliinua gari kwa jeki na kulikalisha juu ya stendi za chuma, magurudumu ya mbele yakining’inia. Mmoja wetu alishika gurudumu la kushoto juu na chini, akalitikisa kwa kulivuta na kulisukuma. Likacheza, na mlio ukasikika. Mtu mwenye haraka angesema hapo hapo kwamba ameupata ubovu. Lakini gurudumu likicheza hivyo, kosa laweza kuwa katika boljointi, au katika beringi ya gurudumu, na kwa mkono tu huwezi kuzitenga.

Hapo ndipo Mzee alipotufundisha jambo ambalo tunaliona kuwa kiini cha makala haya. Alimwambia mmoja wetu aingie ndani akanyage breki na asiachie, na mwingine atikise tena. Maelezo yake ni rahisi. Breki ikishika, gurudumu na chuma kinachobeba gurudumu huwa kitu kimoja, na beringi iliyo kati yao haiwezi tena kucheza. Ikiwa ulegevu umekwisha, kosa ni la beringi. Ikiwa ulegevu umebaki, beringi haina hatia. Wetu ulibaki.

Tatu tulishika gurudumu kushoto na kulia badala ya juu na chini, ili kupima tairodi zinazopokea amri ya usukani. Hazikucheza. Nne, mmoja alisukuma mkono wa chini kwa mtaimbo taratibu, mwingine akaweka kidole juu ya maungio. Kidole kilisikia tufe likigonga ndani ya kikombe chake. Kiatu cha mpira kilikuwa kimepasuka nusu ya mzunguko wake. Bushi ya nyuma ya mkono huo nayo ilikuwa imechanika. Upande wa kulia boljointi ilikuwa bado haijalegea, lakini mpira wake ulikwisha pata ufa, na bushi ilikuwa katika hali ile ile. Sasa, na si kabla ya sasa, tuliandika orodha ya vipuri: boljointi mbili na bushi za mikono miwili.

Kazi yenyewe

Kazi ya kubadilisha tutaieleza kwa ufupi, ila mahali panapohusu usalama.

Nati za magurudumu hulegezwa gari likiwa bado chini, kwa maana likiwa juu gurudumu huzunguka na gari hutikisika. Magurudumu ya nyuma huwekewa vizuizi mbele na nyuma. Hakuna ruhusa ya mtu kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Wala matofali hayafai, kwa kuwa hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Gari likiisha kaa juu ya stendi, hutikiswa kwa nguvu kabla mtu hajaingia. Ile nati kubwa iliyo juu kabisa katikati ya shokapu haiguswi, maana chini yake springi imebanwa, na ikifunguliwa bila kifaa cha kuizuia huweza kuua. Sisi hatukuwa na sababu ya kuigusa.

Tulisafisha maungio kwa brashi ya waya, tukatia mafuta ya kulegezea kutu, tukaacha usiku kucha. Asubuhi tuliichomoa kotapini, tukalegeza nati ya boljointi lakini tusiitoe yote. Mguu wa boljointi umechongwa kama kabari, nao hukwama katika tundu lake. Haupigwi kichwani; hupigwa kando ya chuma chenye tundu, pigo kavu, hata tundu likastuka na kuuachia. Kisha tulifungua bolti na nati mbili zilizoishika boljointi kwenye mkono, na bolti za bushi. Kutoa bushi na kuingiza nyingine kwataka mashine ya kubana ambayo hatuna, kwa hiyo mmoja wetu alipanda basi kwenda mjini na mikono miwili ya chuma ndani ya gunia.

Katika kurudisha, mambo mawili yafaa kuelezwa. La kwanza ni kotapini. Nati ya boljointi ina mapengo kama taji, na pini hupita katika pengo na tundu. Nati ikiisha kazwa kwa kipimo chake, pengo likawa halijakutana na tundu, nati huongezwa kukazwa mpaka vikutane. Hairudishwi nyuma kamwe. Na pini ya zamani haitumiwi tena.

La pili ni bushi. Bolti zake hazikazwi kabisa gari likiwa juu. Gari likiwa juu mikono huning’inia, na ukikaza hapo mpira hushikwa ukiwa katika hali ya kuning’inia. Ukilishusha gari, mpira hujisokota, na katika kila safari huwa umejisokota, hata uchanike mapema. Kwa hiyo tulizikaza kwa vidole, tukarudisha magurudumu, tukalishusha gari magurudumu yakae juu ya mbao nene, tukalikandamiza mara kadhaa likae kama likaavyo barabarani. Hapo ndipo tukakaza kwa mwisho. Baada ya hayo tulikwenda mjini polepole kupima ulinganifu wa magurudumu. Ule mlio haukusikika tena.

Darasani

Muhula ulipofunguliwa tulikabidhiwa mwanafunzi mmoja wa Darasa la Nne ambaye karatasi zake zilisema hawezi hesabu. Mlezi wake alikwisha elezwa kwamba huenda akakariri darasa. Katika daftari lake, 52 − 27 ilikuwa 35, na 60 − 24 ilikuwa 44. Kurasa nyingi zilikuwa na maswali ya namna hiyo, kila ukurasa ukifuatwa na mwingine wa kurudia. Tuliona shokapu mpya, na mlio ule ule.

Tuliamua kupima kabla ya kufundisha. Kwanza tulimpa 58 − 23. Akaandika 35, ndiyo sahihi. Basi ukweli wa kutoa aliujua, na safu za makumi na mamoja alizijua. Kisha tukakanyaga breki, yaani tukaondoa jambo moja tu na kuacha mengine yote: tukaondoa uandishi. Tulimpa vijiti vitano vya makumi vilivyofungwa kwa uzi na vijiti viwili vya mamoja, tukamwomba atoe 27. Alikaa kimya kidogo, akafungua fungu moja, akahesabu, akatoa, akasema 25. Hakusita.

Ikiwa alielewa kwa vijiti na kukosea kwa kalamu, ulegevu haukuwa katika uelewa. Tukamwomba aandike 52 − 27 huku akisema kwa sauti anachofanya. Akasema, “Mbili na saba. Ndogo inatoka katika kubwa. Saba toa mbili, tano.” Tulipomwuliza neno hilo amelipata wapi, alisema alilijifunza Darasa la Kwanza, kwamba siku zote namba ndogo hutolewa katika namba kubwa.

Hiki ndicho kiatu cha mpira kilichopasuka. Neno lile lilifaa kwa mtoto anayetoa 3 katika 5. Halikufaa kuitwa la siku zote. Ufa ulikuwa mdogo na wa zamani. Vumbi likaingia kwa miaka mitatu. Wala kurasa za mazoezi hazikumponya, kwa kuwa katika kila swali alikuwa akiitumia kanuni ile kwa bidii, na bidii iliongeza usagaji.

Tiba ilikuwa nyepesi kuliko utafutaji. Tuliweka vijiti na daftari mezani pamoja. Kila alipofungua fungu kwa mkono aliandika papo hapo alichofanya: makumi matano yamekuwa manne, mamoja mawili yamekuwa kumi na mawili. Baadaye tuliondoa vijiti. Nasi tulikumbuka bushi: hatukuhesabu kazi kuwa imekwisha kwa kuwa aliweza akiwa peke yake na sisi mezani, kwa maana hapo alikuwa bado ananing’inia. Tulimrudisha katika darasa lenye kelele, katika mtihani wa wiki wenye maswali yaliyochanganywa, akiwa amebeba uzito wake mwenyewe; tukakaza hapo. Mwisho wa muhula hakuna aliyezungumza tena juu ya kukariri.

Mipaka ya mfano huu

Yafaa tuonye kwamba mtoto si gari. Boljointi iliyochakaa hutupwa, lakini wazo la mtoto halitupwi. Huonyeshwa mahali linapofaa na mahali linapoishia. Chuma hakioni haya kinapopimwa, bali mtoto huona. Kwa hiyo kumwomba mtoto aseme anachofanya hakufanywi mbele ya wenzake wanaocheka, wala kwa sauti ya hakimu. Na mara nyingine chanzo hakiko katika somo lolote: mtoto hakuona ubao, au amekuja bila kula. Kushika kila mahali panapoungana ni pamoja na kushika huko.

Kwa mwalimu mwanafunzi

Katika mazoezi ya kufundisha, chagua kosa moja linalorudiwa na mtoto mmoja. Usilisahihishe kwanza. Andika maneno mawili au matatu yanayoweza kuwa chanzo chake, kisha tunga swali dogo litakaloondoa moja na kuyaacha mengine. Kwa mfano, mtoto akisoma “ng’ombe” kana kwamba kibainishi hakipo, mwonyeshe picha ya mnyama umwulize jina lake. Akilitaja sawasawa, ulimi wake hauna hatia na kosa liko katika herufi; akikosea hata hapo, anza na sauti kabla ya kugusa kitabu. Fanya hivyo kwa mtoto mmoja tu kila siku, maana mwenye darasa la watoto wengi hawezi kuwapima wote kwa mara moja, lakini makosa ya watoto wengi hufanana, na ukikipata chanzo kwa mmoja umekipata kwa kumi.

Nasi twaongeza neno la mwisho juu ya wakati. Kupima kulituchukua siku nzima, na jirani waliopita walidhani hatufanyi kazi, kwa kuwa hawakuona kipuri kilichofunguliwa. Mkaguzi akiingia darasani akamkuta mwalimu ameketi na mtoto mmoja na vijiti vichache, naye aweza kudhani vivyo hivyo. Mwalimu awe na jibu lake tayari, kwa daftari la mtoto.